Kuskimu hedi si dawa ya kompresheni iliyokwisha

Juzi nilikuwa gereji nasubiri gari langu, nikamsikia fundi akimwambia mteja: "Bosi, kompresheni imekwisha. Tunaskimu hedi, itapanda." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anayelipia kazi isiyomsaidia.

Kuskimu ni kuupiga randa kwa mashine uso wa chini wa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), ule unaokalia gasketi (kipande chembamba cha kuzuia kuvuja), mpaka unyooke. Basi.

Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, na kwao ni neno la jikoni pia: kutoa malai juu ya maziwa. Sisi tunalo la kwetu, kuengua. Anayeengua povu la maharage hachoti maharage. Anapitisha mwiko juu juu. Fundi mchongaji naye ni hivyo hivyo. Injini ikichemsha, hedi hupinda. Analaza rula ya chuma juu yake, anajaribu kupenyeza fila, kibati chembamba cha kupimia mwanya, chini ya rula. Kwa injini nyingi ndogo za petroli, ikipita ya milimita 0.05 tu, wembamba wa unywele, hedi inahitaji mashine. Kinachotolewa ni utando.

Sasa kompresheni. Neno hili moja tumelibebesha vitu viwili. Cha kwanza ni uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi, ambao ni hesabu ya umbo la injini. Pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda, ikisukuma sentimita za ujazo 360 na juu yake ikabaki nafasi ya 40, jumla ni 400. Gawa kwa 40, unapata 10. Hedi ikiskimiwa na nafasi ile ikapungua kwa 2, ni 398 kwa 38, karibu 10.5. Wanaotengeneza magari ya mashindano huutafuta uwiano huo kwa makusudi, na hulazimika kutia petroli yenye oktani ya juu, yaani isiyolipuka mapema, la sivyo injini inagonga.

Cha pili ni presha, ile inayosomwa kwenye geji. Hiyo hushikwa na ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, na valvu, milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Pampu ya baiskeli ikichakaa ngozi, hata ukiifupisha, upepo utapita palepale. Kwa injini iliyochoka, skimu itainua sindano ya geji kidogo, lakini tundu la kuvujia liko vilevile na oili itaendelea kuungua.

Kwa hiyo fundi akisema anaskimu kwa sababu hedi imepinda, yuko sahihi, mwache afanye. Akisema kompresheni imekwisha, mwombe kwa upole apime kwanza, kisha atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na apime tena. Sindano ikipanda sana, ringi ndizo zimekwisha, na kazi hiyo inaitwa kubadilisha ringi.