Analitiko chuoni: mnayoambiwa kwenye korido na yalivyo kweli

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka napata meseji za wadogo zangu wa PCB na PCM (fizikia, kemia na baiolojia au hesabu), wamechaguliwa digrii ya kemia au wanataka kuomba, na maswali ni yaleyale. Eti kaka, ile analitiko, yaani kemia ya kupima kitu fulani kina nini ndani na kiasi gani, ni kubonyeza mashine tu? Eti ni taitresheni za sekondari zinarudiwa? Eti ukimaliza ni kwenda kufundisha basi? Mimi nimeisoma na leo ndo kazi inayonilisha, ngoja niseme nilichokiona maana kuna watu wanaikimbia kozi nzuri kwa maneno ya watu ambao hata labu yake hawajaingia.

"Ni taitresheni tu, tulishafanya fomu foo"

Hii ndo inaongoza. Na ni kweli bureti utaikuta tena, semista ya kwanza unaweza kuhisi umerudishwa sekondari kabisa. Ila sekondari ulipewa solusheni imeshaandaliwa, konsentresheni imeandikwa kwenye chupa, we kazi yako kumwaga mpaka rangi igeuke. Chuo wanakuuliza, nani kakwambia hiyo ni 0.1? Sodiamu haidroksaidi huwezi kuipima kwenye mizani ukaiamini, inavuta unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani huku unaiangalia, vile vipande vinaanza kulowana hata hujamaliza kuandika uzito. Kwa hiyo unatafuta kitu kisafi kinachotulia kwenye mizani, mara nyingi potasiamu haidrojeni thaleti, unakikausha, unakipima mpaka desimali ya 4 ya gramu, unataitreti haidroksaidi yako dhidi yake, hapo ndo unajua ni 0.1 kweli au ni 0.0963.

Chukua mfano wa chumvi ya dukani, ile yenye madini joto. Unapima gramu 10, unayeyusha kwenye maji, unaweka asidi kidogo na potasiamu ayodaidi, maji yanageuka njano, unaifungia chupa gizani dakika 10 hivi. Kwa nini gizani? Kwa sababu mwanga unasaidia hewa kutengeneza ayodini nyingine ambayo haikutoka kwenye chumvi, na wewe utaihesabu kama ya chumvi. Halafu unashusha thaiosalfeti ya molari 0.005, inayoila ile ayodini, mpaka njano ipauke kabisa, ibaki kama ya majani makavu, ndipo unaweka wanga, inakuwa bluu nzito, unaendelea tone kwa tone mpaka bluu ipotee. Ukiuweka wanga mapema ayodini inajificha ndani yake haitoki kirahisi na utapitiliza. Sasa kila mililita 1 ya ile thaiosalfeti ni kama miligramu 10.58 za ayodini kwa kilo ya chumvi, na tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, maana yake tone moja umebadilisha jibu kwa nusu miligramu na zaidi kidogo. Fomu foo tone lilikuwa tone tu, huku lina bei.

"Mashine ndo inatoa jibu, we unabonyeza"

Wadogo zangu hii naipinga kwa nguvu zote. Mashine inatoa namba. Kama kilichoingia kwenye mashine sicho, namba itatoka nzuri sana, ina desimali zake zote, na ni ya uongo.

Chukua sumukuvu kwenye mahindi, sumu ya ukungu, ile iliyougonjesha na kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, ukipiga hesabu ya gunia la kilo 100 ni miligramu 1 tu kwenye gunia zima. Na hiyo sumu haijatapakaa sawasawa, punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu yote na zilizobaki zote ni safi. We umekuja na bambo lako umechoma gunia sehemu moja, umetoa kiganja, umepeleka kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, ya mamilioni, jibu limesoma safi, gunia likapita. Hapo mashine imekosea nini? Haijakosea kitu. Kosa limefanyika kule kwenye bambo. Ndo maana inabidi utoe sampuli sehemu nyingi, uchanganye, usage zote, uchanganye tena ndipo uchote. Kwenye sumukuvu kosa la kuchukua sampuli kwa kawaida ni kubwa kuliko kosa la mashine, na hili lekchara wetu alilirudia mpaka tukachoka, leo namshukuru.

Kuna na upande mwingine, mashine inaweza kupima vizuri kabisa kitu ambacho si ulichouliza. Protini kwenye maziwa kwa muda mrefu imepimwa kwa njia ya Kjeldahl, Mdenmark aliyeitoa 1883 akiwa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Njia hii haioni protini, inaona naitrojeni, halafu unazidisha kwa namba maalumu kupata protini. China 2008 watu waliokuwa wanatia maji kwenye maziwa wakaongeza melamini, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, kipimo kikasoma protini iko sawa. Karibu watoto 300,000 waliugua na 6 wakatajwa kufariki. Mimi niliposoma hii darasani nilikaa kimya siku nzima. Kipimo kilifanya kazi yake sawasawa, swali ndo halikuwa lenyewe. Sasa mtu aniambie hii ni kozi ya kubonyeza.

"Majibu yakitofautiana umefeli, bora upike data"

Hii imeharibu wengi na inaanzia sekondari, tunazoea ridingi tatu lazima zifanane kama mapacha, ikitoka nyingine unaifuta. Chuo mwenye ridingi tatu zinazofanana mpaka desimali ya mwisho ndo anaulizwa maswali.

Mwaka wa pili tulikuwa tunapima fosfeti kwenye maji ya kisima, ile njia ya molibdeti inayotoa rangi ya bluu, bluu ikikolea fosfeti ni nyingi. Kuna chupa moja inaitwa blanki, unaweka kila kitu isipokuwa maji ya kisima, unaweka maji safi ya maabara, hiyo inatakiwa isiwe na rangi. Yetu ikawa bluu. Sio bluu ya kubahatisha, ya kuonekana kabisa ukiweka karatasi nyeupe nyuma. Mwenzetu akasema tuimwage tuandike sifuri, saa kumi na moja jioni hiyo, watu wana njaa. Dada aliyekuwa anatusimamia labu akatukuta tumeishika akasema hakuna kuondoka, tafuteni imetoka wapi. Tukapima maji safi, yako poa. Tukapima kemikali upya, ziko poa. Kumbe chupa zilioshwa na sabuni ya unga iliyokuwa na fosfeti ndani, hazikusuuzwa kwa asidi. Tukaziosha upya kwa asidi, tukazisuuza mara nyingi, blanki ikatulia, na matokeo ya kisima yakashuka mpaka karibu nusu ya tulichokuwa tumeandika. Tungemwaga ile blanki tungesema kisima cha watu kina fosfeti ambayo ilikuwa ya sabuni yetu. Tangu siku hiyo blanki naiangalia kabla ya sampuli.

"Lazima uwe kichwa cha hesabu"

Hapana. Hesabu nyingi ni za dailusheni (kupunguza makali ya solusheni), logi kidogo, na takwimu. Hizo takwimu ndo watu wanaziogopa na wala hazina ubaya. Tuseme ile chumvi umetumia thaiosalfeti mililita 4.05, 4.10 na 4.15. Wastani ni 4.10, sawa na miligramu 43.4 kwa kilo. Lakini ridingi tatu ni chache, kwa hiyo unachukua namba ya t kwenye jedwali, kwa uhakika wa asilimia 95 ni 4.303, unazidisha na mtawanyiko wako wa 0.05, unagawa kwa kipeuo cha pili cha 3, unapata mililita 0.12, yaani kama miligramu 1.3 kwa kilo. Jibu la mtu mzima ni 43.4, jumlisha au toa 1.3. Hiyo t aliileta William Gosset 1908 akiwa kiwanda cha bia cha Guinness, bia tena, sababu vipimo vya kiwandani vilikuwa vichache na yeye alitaka kujua aviamini kiasi gani. Shida ileile uliyonayo wewe labu. Ukiiona hivyo haikutishi.

Na ile ya "R skwea ikiwa 0.999 nimemaliza", yaani nukta za grafu zimekaa vizuri kwenye mstari, nayo iacheni. Kama standadi zako, zile solusheni unazojua kiasi chake ulizochorea mstari, zinaanzia 1 mpaka 10 na sampuli imesoma 25, mstari wako hauna habari na 25, punguza makali ya sampuli urudie.

"Kemikali zitakuharibu" pia naisikia, hasa wanaambiwa wadada. Hatari ipo sitadanganya, ndo maana kuna kabati la kuvuta hewa, glavu, miwani, na pipeti hainyonywi kwa mdomo hata iwe maji.

"Hamna ajira, utaishia ualimu"

Kwanza ualimu ni kazi ya heshima. Pili, angalieni wanaoishi kwa vipimo: Mkemia Mkuu wa Serikali, TBS ya viwango, TMDA ya dawa na vifaa tiba, mamlaka za maji, migodi, viwanda vya bia, soda, sukari, saruji, dawa. Nafasi haziko nyingi kama tunavyotaka na wanaogombea ni wengi, sitawapamba. Ila wanachotafuta si kile watu wanachodhani. Usaili wangu wa kwanza hawakuniuliza hata jina la mashine moja. Walinipa pipeti ya mililita 10, bikari na mizani, wakasema tuambie hii pipeti inatoa kiasi gani kweli, una nusu saa. Unachota maji, unayashusha kwenye bikari, unapima uzito, unarudia mara 10. Lakini uzito wa maji unategemea joto lake, mililita 10 za maji ya nyuzi 25 hazifiki gramu 10 kamili, ni kama 9.97. Kwa hiyo kabla sijagusa pipeti nikauliza, samahani, kipimajoto kipo wapi? Yule mama aliyekuwa anasimamia akafungua droo akanipa, alikuwa amekiweka humo makusudi.