Paleontolojia si akiolojia iliyozeeka

Hapa kwetu mifupa ya dinosaria haitajwi redioni bila kutafutiwa "mwanaakiolojia" wa kuichimba. Juzi ilikuwa tena mada ya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, kama irudishwe nyumbani au ibaki Berlin. Watu walibishana kwa akili kabisa, lakini kipindi kikaisha waliochimba wakiwa bado ni wanaakiolojia.

Maana yenyewe ni fupi. Paleontolojia ni taaluma ya viumbe walioishi zamani, inayowasoma kupitia mabaki na alama zao zilizohifadhiwa ardhini, yaani visukuku. Ni viumbe wote: miti, samaki, konokono, chavua, hata vijidudu vya baharini visivyoonekana bila hadubini. (Hao vijidudu ndio asili kubwa ya petroli, si dinosaria, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Akiolojia humchunguza binadamu wa kale kupitia vitu alivyotengeneza, alivyotumia na alivyotupa.

Tatizo ni kwamba wengi hutenganisha fani hizi kwa umri: cha zamani ni cha akiolojia, cha zamani sana ni cha paleontolojia. Ukienda hivyo utakwama mapema. Kule Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimepatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3 hivi. Ni za kale kupindukia, na bado ni akiolojia, kwa sababu kuna mkono uliogonga jiwe makusudi ili lipate makali. Kwa upande mwingine, mfupa wa mnyama aliyejifia porini miaka elfu ishirini tu iliyopita, mbali na watu, humhusu mwanapaleontolojia.

Tendaguru hakuna utata wowote. Mifupa ile, katika mkoa wa Lindi, ina umri wa takriban miaka milioni 150. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, ingawa jasho lilikuwa la wenyeji: msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi ndio waliobeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Dinosaria aliyesimamishwa kule Berlin ana kimo cha zaidi ya mita 13. Alipokuwa hai hapakuwa na binadamu popote duniani, wala chungu, wala shoka. Mwanaakiolojia angetafuta nini kwa mnyama yule?

Ugumu wa kweli uko Olduvai na Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, na hapo namsamehe anayechanganya. Nyayo za Laetoli za viumbe wa ukoo wa binadamu, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, ni visukuku ingawa hazina hata kipande cha mfupa. Alama ya kiumbe inatosha. Shoka la jiwe la Isimila, Iringa, si kisukuku hata lingekaa ardhini milele, kwa sababu halikuwahi kuwa kiumbe wala sehemu ya kiumbe. Halafu pale Olduvai unaokota mfupa wa swala wenye mikwaruzo myembamba ya jiwe lenye makali, mtu alipokuwa akibandua nyama. Aina ya swala na mazingira aliyoishi ni swali la paleontolojia. Nani alimchuna, na kwa zana gani, ni swali la akiolojia. Mfupa ni mmoja, na wataalamu wawili wanaugombea kwa haki kabisa.

Anayeanza somo hili chuoni, mara nyingi chini ya jiolojia, hukutana na hayo baadaye sana. Mwanzoni ni trei za magamba na lenzi ya mkononi. Anafundishwa kumtofautisha kome na brakiopodi, viumbe wawili wenye magamba mawili mawili wasio na undugu wa karibu. Kwa kome, gamba la kulia na la kushoto ni pacha, ila gamba moja ukiligawa katikati nusu hazilingani. Kwa brakiopodi ni kinyume: gamba la juu na la chini hayafanani, lakini kila moja ukiligawa katikati nusu zake zinalingana. Wanaokuja wakiwa na ndoto za dinosaria hununa kidogo wiki hizo.

Kwa hiyo ukikutana na mwanafunzi wa namna hiyo, tafadhali usimuulize kama ameshapata rupia za Mjerumani zinazodaiwa kufukiwa ardhini. Na kama "mwanapaleontolojia" linakupa taabu mdomoni, mwite mtaalamu wa visukuku. Ataitika bila kinyongo.