Kichujio cha HEPA si kifumbu

Nimechoka. Juzi tena, barazani baada ya Alasiri, fundi mmoja wa AC za hoteli zetu hapa Malindi, kijana hodari kwa kazi yake, kanikatiza mbele ya wazee: "Bwana, hilo chujio lenu la hewa, HEPA, ni la mikroni 0.3. Chembe ya mikroni 0.1 si yapita tu?" (Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Wazee wakatikisa vichwa. Maneno hayohayo niliyasikia wakati wa Korona juu ya barakoa, na nayasikia kwa wahandisi wanaonilipa niwapigie hesabu za hewa za viwanda vya chipu za kompyuta.

Kifumbu kina matundu: tui lapita, machicha yanabaki. HEPA haina matundu ya aina hiyo. Ni tabaka la nyuzi za kioo zilizolala ovyo, na nafasi kati ya uzi na uzi aghalabu ni pana kuliko chembe inayonaswa. Chembe nzito, hewa ikipinda kuuzunguka uzi, yenyewe hushindwa kupinda ikaugonga. Ya kati hufuata hewa vizuri, ila ikipita karibu mno hugusa uzi ubavuni. Ikishagusa imenasa, nguvu za van der Waals, mvutano mdogo wa vitu vilivyogusana, zatosha. Hapa napita mbio kwa sababu hakuna anayebisha.

Ugomvi uko kwa ndogo. Chembe ya mikroni 0.05 haiendi njia iliyonyooka. Molekuli za hewa zaipiga huku na huku bila usawa, nayo yayumba; ndio mwendo wa Brown, ambao Einstein aliupigia hesabu mwaka 1905. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyoyumba, na kadiri inavyoyumba ndivyo inavyojipeleka yenyewe kwenye uzi. Kwa hiyo ya mikroni 0.01 ni rahisi kukamatwa kuliko ya 0.2! Kubwa zaponzwa na uzito, ndogo zaponzwa na kuyumba, na katikati kuna saizi isiyoponzwa sana na lolote. Ile 0.3 iliwekwa kwa sababu ilihesabiwa kuwa karibu na hapo. Ile asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 ambayo HEPA huahidi kunasa ni alama za swali gumu kuliko yote kwenye mtihani, nanyi mwazisoma kama kipimo cha tundu. Tena saizi hiyo ngumu haikai mahali pamoja: kwa vichujio vingi vya leo iko baina ya 0.1 na 0.2, na ukibadili kasi ya hewa yasogea. Anayeongeza kasi ya feni ili "kichujio kisafishe zaidi" azinyima chembe ndogo muda wa kuyumba, na nyingi zaidi zampita.

Mzee mmoja akauliza la maana: na chumvi hii ya bahari inayotula mabati? Chumvi ikiwa chembe hunaswa kama nyingine, na heri inaswe, maana ioni za sodiamu zikiingia kwenye oksidi, tabaka jembamba la kuzuia umeme ndani ya transista (swichi ndogo za chipu), huhamahama humo na kuivuruga volteji yake ya kuwakia. Kinachopita HEPA kama haipo ni gesi. Amonia yapita. Mvuke wa asidi ya hidrofloriki si kupita tu, hukila kioo cha nyuzi zenyewe na kuachia boroni, ambayo silikoni, mali ghafi ya chipu, haiitaki bila mpango. Ndiyo maana wengine huweka vichujio vya PTFE, plastiki ile ya Teflon, na kaboni kwa ajili ya gesi. Kuhusu hili sijaulizwa na mtu hata mara moja.

Sasa modeli yenyewe, hesabu ya kompyuta ninayowapigia hao wahandisi. Chumba safi cha kiwandani cha daraja la ISO 5, kwa kipimo cha kimataifa cha usafi wa hewa, kinaruhusiwa chembe 3,520 za mikroni 0.5 na kuendelea kwa kila mita ya ujazo, na kichujio kikiwa kizima na mpakani pake hapavuji, chembe nyingi zatoka kwa watu na mashine. Mtu mmoja hutoa ngapi kwa dakika? Inategemea vazi, mwendo, hata ngozi yake. Mimi naichukua namba kwenye jedwali. Kisha natumia siku nzima kubishana na kompyuta juu ya misukosuko ya hewa, ilhali namba ile ya jedwalini nikiizidisha mara mbili, chembe zote zitokazo kwa mtu huyo zazidi mara mbili papo hapo. Siku hizi nampa mteja majibu matatu, la chini, la kati na la juu. Wengi huuliza lipi ndilo, kisha huchukua ile picha ya rangi itolewayo na kompyuta wakaibandika kwenye ripoti.