Je, wajua kwa nini kusoma sana kunaweza kukunyima kazi?

Mwaka 1996 huko New London, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, Robert Jordan aliomba kazi ya upolisi. Alipewa mtihani wa Wonderlic wa kupima akili, maswali 50 kwa dakika 12, akapata 33. Kwenye usaili hakuitwa. Idara ilikuwa ikiwaita waliopata kati ya 20 na 27 tu, kwa hiyo aliyefaulu kupita kiasi akaachwa pamoja na waliofeli.

Jordan alikwenda mahakamani, akashindwa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kipimo kilikuwa kimoja kwa waombaji wote, hivyo hakubaguliwa, hata kama utaratibu wenyewe haukuwa wa busara. Hoja ya mji ilikuwa hii: mwenye akili nyingi atachoka na doria, ataondoka mapema, na gharama za kumfundisha zitapotea.

Hesabu hiyo hiyo hupigwa Dar es Salaam na Nairobi kila siku, ila huku haiandikwi popote. Binamu yangu ana shahada ya uzamili ya uhasibu. Baada ya kusota mtaani, aliomba nafasi ya mtunza stoo. Mwenyekiti wa jopo alivitoa vyeti kimoja kimoja kwenye bahasha ya kaki, akavirudisha, akamuuliza, “Sasa kijana, wewe hapa utakaa mpaka lini?” Akajibu kwamba atakaa. Hawakumpigia simu.

Mwajiri anapotazama vyeti vile anaona mtu wa kupita njia. Anaona pia mshahara: leo umekubali kidogo, miezi sita ijayo utadai unaolingana na elimu yako. Na lipo jambo lisilosemwa kwenye usaili. Msimamizi mwenye stashahada akiletewa wa chini yake mwenye uzamili, anahofia kiti chake.

Je, hofu hizo ni za kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Wanaojiona wamezidi kazi yao huridhika kidogo na hufikiria zaidi kuhama. Lakini utafiti wa Berrin Erdogan na Talya Bauer wa mwaka 2009, uliofanywa kwa wauzaji wa maduka ya nguo Uturuki, ulionyesha kwamba hamu hiyo ya kuondoka ilipungua pale mfanyakazi alipopewa nafasi ya kuamua mambo katika kazi yake. Mimi nalishika hili kwa mikono miwili, maana linaonyesha kwamba kinachomfukuza mtu si cheti peke yake, ni namna anavyotumika akishaajiriwa.

Wengi siku hizi wanaficha shahada, wanapeleka cheti cha kidato cha nne tu. Naelewa kwa nini, njaa haina subira. Ila ile miaka ya chuo inabaki pengo kwenye wasifu, na ukiulizwa ulikuwa wapi, itabidi udanganye.

Afadhali kulijibu swali la “mpaka lini” kabla halijaulizwa. Binamu yangu ameomba tena, stoo nyingine. Vyeti vyote vimo, na juu yake ameweka barua ya mistari minne: mama yake anasafishwa damu hospitalini kila wiki, yeye ndiye anayempeleka, na kuhama mji huu hawezi.