Bunduki za Zamani za Kijeshi Nchini Marekani: Mipaka ya Leseni ya Mkusanyaji

Kituo chetu, kinachotoa elimu ya usalama na sheria za silaha kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, kimekuwa kikipokea malalamiko yanayoongezeka kutoka kwa watu waliovutiwa na ukusanyaji wa bunduki za zamani za kijeshi. Mmoja analalamika kwamba muuzaji amekataa kumkabidhi bunduki ilhali leseni yake ni halali, mwingine anauliza kwa nini anatakiwa kuonyesha daftari la vitu vyake mwenyewe, na mwingine hajaelewa inakuwaje kumnunulia shemeji bunduki kukaleta mashtaka ya jinai. Tumeyasikiliza malalamiko hayo kwa heshima, lakini katika mengi yake muuzaji alikuwa sahihi na mlalamikaji hakuwa amesoma masharti ya leseni yake. Maelezo yanayofuata yanahusu sheria za shirikisho peke yake. Majimbo kama California, New York na New Jersey yana masharti makali zaidi, na mwenye shauri lililokwisha kufika mahakamani anapaswa kumwona wakili.

Tunafahamu kwa nini jambo hili linawagusa wasomaji wetu. Wengi wana babu aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na akabeba bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield ya .303 hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na kuipata bunduki ya aina hiyo hiyo, kuisafisha na kuipiga kwenye uwanja wa shabaha ni njia ya heshima ya kumkumbuka. Wengine wamesoma habari za Vita vya Kwanza katika Tanganyika, ambako askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na Mauser za mwaka 1871 zinazotumia baruti ya moshi, zenye kutoa wingu jeupe lililomfichulia adui mahali walipo, hadi meli zilizopenya vizuizi vya Waingereza mwaka 1915 na 1916 zilipoleta bunduki mpya. Hii ni historia yetu, na anayeitunza kwa uaminifu anastahili kusaidiwa.

Tuanze na leseni yenyewe. Sheria ya shirikisho inatambua kundi la silaha za kumbukumbu, ambazo kwa kawaida ni zile zilizotimiza miaka 50 tangu kutengenezwa na ambazo bado zina umbo lake la asili. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Mosin-Nagant, bunduki ya kijeshi ya Kirusi, iliyokatwa mtutu, ikawekewa kitako cha plastiki na kutobolewa matundu ya darubini imeacha kuwa silaha ya kumbukumbu hata kama ilitengenezwa mwaka 1938, na haiwezi kununuliwa kwa leseni ya mkusanyaji. Nakala iliyotengenezwa juzi kwa kuiga bunduki ya zamani nayo haimo. Bunduki ya kawaida iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake inahesabiwa kuwa ya kale na haihitaji leseni hii kabisa kwa sheria ya shirikisho, ingawa jimbo linaweza kusema vinginevyo.

Leseni inaitwa aina ya 03 na hutolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Mwombaji awe ametimiza miaka 21, ajaze fomu, alipe dola 30, na nakala ya fomu hiyo aitume kwa mkuu wa polisi wa eneo lake. Nakala hiyo ni taarifa tu, haimwombi mkuu wa polisi ruhusa, kwa hiyo asiyejibiwa na polisi hana sababu ya kusimamisha maombi yake. Leseni hudumu miaka 3. Alama za vidole hazihitajiki kwa aina hii, na anayekudai fedha ili "akupigie vidole vya leseni ya 03" anakuuzia huduma usiyoihitaji.

Leseni hiyo inamruhusu mkusanyaji kununua silaha za kumbukumbu kutoka jimbo lolote na kuletewa hadi kwenye anwani iliyoandikwa katika leseni, bila kujaza fomu 4473, ambayo mnunuzi wa kawaida huijaza kwa muuzaji, na bila kusubiri uchunguzi wa papo hapo wa rekodi zake. Nje ya hapo haimpi nafuu yoyote. Tumelisema jambo hili mara nyingi na tunalazimika kulirudia: leseni ya mkusanyaji si kibali cha kubeba bastola mfukoni, si kibali cha kununua bunduki mpya ya dukani bila uchunguzi, na si leseni ya biashara. Muuzaji aliyekataa kukutumia nyumbani bunduki iliyotengenezwa mwaka jana hakukuonea. Amekataa kuvunja sheria kwa ajili yako, na kumtukana kwa simu hakukusaidii.

Kuhusu biashara, sheria iliyotiwa saini tarehe 25 Juni 2022 ilibadilisha tafsiri ya nani anahesabiwa kuwa anafanya biashara ya silaha. Zamani ilitazamwa kama lengo lake kuu ni kujipatia riziki na faida. Sasa inatosha kwamba lengo lake hasa ni kupata faida. Mkusanyaji anaweza kuuza bunduki moja ili anunue nyingine iliyo bora zaidi kwa mkusanyiko wake, na hakuna atakayemlaumu. Lakini anayenunua Lee-Enfield kumi kwa bei ya jumla na kuziuza mwezi unaofuata kwa bei ya juu amekuwa mfanyabiashara asiye na leseni ya biashara, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5 pamoja na faini ya hadi dola 250,000.

Sasa daftari, ambalo ndilo chanzo cha usumbufu mwingi unaoepukika. Kila silaha ya kumbukumbu unayoipata ukiwa na leseni lazima iandikwe kabla ya kufungwa kwa siku ya kazi inayofuata. Andika tarehe, jina na anwani ya aliyekuuzia au namba ya leseni yake, jina la mtengenezaji, na la mwagizaji kama lipo, kisha modeli, namba iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, aina, na kipimo cha risasi. Bunduki ikiondoka mikononi mwako, kwa kuuzwa, kubadilishana au zawadi, unazo siku 7 za kuandika ilikokwenda. Kama aliyeipokea hana leseni, uandike pia tarehe yake ya kuzaliwa na kitambulisho ulichokiona. Daftari liwe limeshonwa, si karatasi zilizobanwa kwa pini. Kosa la kuandika lipigwe mstari mmoja na marekebisho yaandikwe kando yake. Lisifutwe kwa wino mweupe, kwa sababu mkaguzi akiona pamefutwa atataka kujua palikuwa na nini. Angalieni hasa namba za bunduki za Kirusi, ambazo mara nyingi hutanguliwa na herufi mbili za Kisirili, yaani alfabeti ya Kirusi: herufi hizo ni sehemu ya namba na haziachwi. Vilevile mwagizaji wa Marekani huchonga jina lake na mji wake kwenye mtutu au mwili wa bunduki, kwa maandishi madogo yanayohitaji kutafutwa kwa tochi.

ATF inaweza kukagua daftari na mkusanyiko mara moja katika kila miezi 12 bila hati ya mahakama. Wengi wanaogopa mtu wa serikali kuingia sebuleni, na kwa historia za baadhi ya wasomaji wetu woga huo tunauelewa. Sheria yenyewe imeweka nafuu: mkusanyaji ana haki ya kuchagua ukaguzi ufanyike katika ofisi ya ATF iliyo karibu naye. Mwenye leseni anayeandika uongo kwa makusudi katika daftari lake anaweza kufungwa hadi mwaka 1, na leseni nayo inaweza kufutwa.

Jambo linalowaumiza watu wetu kuliko yote ni kumnunulia mtu mwingine. Katika desturi zetu ndugu akiomba humnyimi, na aliye na makaratasi huwasaidia wasio nayo. Kwa silaha, msaada huo ni jinai. Ukinunua bunduki kwa fedha na kwa maagizo ya mtu mwingine huku ukijua, au ukiwa na sababu nzuri ya kuamini, kwamba mtu huyo sheria inamkataza kumiliki silaha, sheria ya 2022 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15, na miaka 25 ikiwa unajua silaha itatumika katika uhalifu mkubwa. Kudanganya kwenye fomu 4473 kuhusu mnunuzi halisi ni hadi miaka 10, hata kama uliyemnunulia ni mtu mwema asiye na doa. Zawadi ya kweli, uliyoinunua kwa fedha zako bila kurudishiwa, kumpa mtu anayeruhusiwa kumiliki na anayeishi katika jimbo lako, ni jambo jingine na si kosa kwa sheria ya shirikisho.

Nani anakatazwa? Miongoni mwao ni aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani hata kama lilikuwa kosa dogo, aliyeko nchini bila kibali, na aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwamo wanafunzi na wafanyakazi wa mkataba. Kwa hao wa mwisho ipo misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, lakini tafadhali wasiitumie bila kumwona wakili. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Hata hivyo akumbuke kwamba hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata baada ya miaka mingi ya kuishi na kulipa kodi hapa. Kwa raia, kosa la silaha halileti kufukuzwa nchini; kwa mkaazi, familia nzima inaweza kuvunjika.

Kuna pia bunduki ambazo leseni hii haiziokoi. Bunduki yoyote inayoendelea kupiga risasi maadamu kidole kimebana triga ni bunduki ya rashasha kisheria, hata kama ina umri wa miaka 80 na ilirudishwa na askari kutoka Ulaya. Serikali ilitoa msamaha wa kuzisajili kuanzia tarehe 2 Novemba hadi tarehe 1 Desemba 1968. Ambayo haikusajiliwa haiwezi kusajiliwa leo, na kuwa nayo ni kosa la hadi miaka 10. Anayekuta silaha ya namna hiyo katika nyumba aliyoinunua au urithi wa mwenza wake asiisafirishe na asiitangaze mtandaoni. Apigie simu wakili kwanza, kisha ATF.

Wanaouliza kuhusu M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani iliyobuniwa na John Garand na kupokelewa na jeshi mwaka 1936, wajue kwamba shirika la CMP, ambalo huuza bunduki hizo kutoka akiba ya jeshi, kwa sheria huwauzia raia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza kuipata kwa wauzaji wengine.

Tuje kwenye matumizi. Bunduki ya zamani ikaguliwe na fundi wa silaha kabla ya risasi ya kwanza, hasa nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, na kitako cha ganda la risasi. Nafasi hiyo ikizidi kipimo, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni. Katika Lee-Enfield No. 4, vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa saizi 0 hadi 3 ili kurekebisha nafasi hiyo, kwa hiyo kubadilishana bolti na rafiki kwa kuwa "zinaingia" ni hatari. Bunduki ya Kimarekani ya Springfield ya 1903 yenye namba chini ya 800,000 kwa zilizotoka kiwanda cha Springfield Armory, au chini ya 285,507 kwa za kiwanda cha Rock Island, ibaki ukutani. Mafundi wa wakati huo walipima joto la chuma kwa kutazama rangi yake, baadhi ya vyuma vikaungua, na miili kadhaa ya bunduki ilipasuka. Tunaambiwa mara kwa mara, "Mimi nimeipiga na haikupasuka." Hilo halithibitishi chochote kuhusu risasi inayofuata.

SKS, bunduki ya kijeshi yenye asili ya Kirusi, iliyotoka ghalani ikiwa imejaa grisi nzito ya kuhifadhia inahitaji bolti yake ifunguliwe yote na kusafishwa. Nyingi hazina springi kwenye pini ya kufyatulia. Grisi ikigandisha pini hiyo ikiwa mbele, bunduki inaweza kufyatuka bolti inapofunga, na kuendelea hadi risasi ziishe. Garand nayo isilishwe risasi nzito za kisasa za uwindaji, kwani msukumo wake wa gesi hupinda fimbo inayoendesha bolti.

Kuhusu kutu, risasi nyingi za zamani za kijeshi, za Kirusi hasa, zina fataki, yaani viwashio vya baruti, zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mtutu unaweza kuanza kuliwa usiku huo huo. Mafuta hayayeyushi chumvi. Dawa yake ni maji ya moto, yapitishwe kwenye mtutu na yaoshe uso wa bolti, na kwa bunduki za gesi yaoshe silinda na pistoni pia. Kisha kila sehemu ikaushwe kabisa ndipo ipakwe mafuta. Watu wengi hukataa kutia maji kwenye bunduki kwa kuihurumia, na kwa huruma hiyo wameharibu mitutu iliyopita vita viwili bila kuumia.

Anayewaza kupeleka bunduki nyumbani Afrika Mashariki asiifunge kwenye kontena pamoja na nguo na vyombo. Kuitoa Marekani kunafuata masharti ya Idara ya Biashara, na kuiingiza Kenya au Tanzania kunahitaji kibali cha huko kinachopatikana kabla ya silaha kusafiri. Umri wa bunduki hauifanyi kuwa pambo bandarini.

Mwisho ni taratibu mbili zenye muda usiosubiri. Silaha ya mkusanyiko ikiibiwa au kupotea, mwenye leseni aripoti kwa ATF na kwa polisi wa eneo lake ndani ya saa 48 tangu alipogundua. Anayehama aombe marekebisho ya anwani siku 30 kabla ya kuhama, kwa kuwa bunduki inayotumwa kwenye anwani isiyo katika leseni imetumwa kinyume cha sheria, hata kama mpokeaji ni yule yule.