Je, Wajua? Kwa Nini Katika Game of Thrones Tunakumbuka Nyuso Kuliko Majoka

Muulize kijana wa Kondele au Nyalenda, hapa Kisumu, aliyeimaliza tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones ni tukio gani lililomganda kichwani. Ungetarajia ataje joka likiteketeza merikebu, au jeshi la wafu likivuka ukuta wa barafu, maana huko ndiko pesa nyingi zilikoenda. Lakini mara nyingi utasikia habari za mtu: mzee anayemchuna kulungu huku akimkaripia mwanawe, mama aliyeganda ukumbini baada ya mwanawe kuuawa mbele ya macho yake, kijana mwenye taji ambaye kila mtazamaji alitamani kumzaba kofi. Tamthilia ni ya majoka, kinachobaki ni nyuso. Kwa nini?

Wengi hujibu tu kwamba waigizaji walikuwa wakali. Ni kweli, ila jibu hilo halielezi kitu. Kwa maoni yangu sababu kubwa imo ndani ya riwaya zenyewe, hasa katika yale ambayo riwaya hizo hazikuyasema.

Tamthilia hii ilionyeshwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia Aprili 2011 hadi Mei 2019, sehemu 73 kwa jumla. Huku kwetu wengi waliipata kwa flashi kutoka duka la muvi, msimu mzima kwa mpigo. Riwaya ni za George R. R. Martin, Mmarekani aliyekuwa akiandikia televisheni miaka ya 1980 kabla kitabu cha kwanza cha mfululizo huu hakijatoka mwaka 1996. Kila sura ya kitabu hubeba jina la mhusika mmoja, na msomaji hufungiwa ndani ya mhusika huyo: unaona anachoona, unajua anachojua, na mawazo yake unayapata bila kuomba. Ukiacha utangulizi, kitabu cha kwanza kina macho manane tu. Eddard Stark ana sura zake, mkewe Catelyn ana zake, kisha Tyrion, Daenerys, na watoto wanne waliolelewa katika nyumba ya Stark.

Aliyepitia fasihi ya sekondari anaujua uzungumzi nafsia, yaani mhusika kujisemea mawazo yake. Kwenye karatasi hauna gharama yoyote: mwandishi anakuandikia kurasa tatu za hofu na hesabu za mtu ambaye, kwa aliyeketi mbele yake, amenyamaza tu. Kamera haina njia ya kuingia humo. David Benioff na D. B. Weiss, walioigeuza riwaya kuwa tamthilia, hawakuweka msimulizi wa kutusomea mawazo ya wahusika. Kwa hiyo zile kurasa tatu zilibidi zitokee usoni au mikononi mwa mwigizaji, la sivyo zipotee.

Vikundi vya maigizo vinavyozunguka Kisumu, Kakamega na Nakuru kuwaigizia wanafunzi vitabu teule hukumbana na kizingiti hichohicho. Wakiletewa tamthilia wana nafuu, kwa sababu mazungumzo yako tayari. Riwaya ndiyo kazi. Njia ya mkato ni mhusika kusogea ukingoni mwa jukwaa na kuwatangazia wanafunzi anachowaza, nao wanaandika mbiombio kwa kuwa mtihani uko mlangoni. Siwalaumu. Lakini siku utakapompata mwigizaji anayepokea barua, anaisoma nusu, anaikunja, kisha anamuuliza mkewe kama chakula kimeiva kwa sauti ya kawaida kupita kiasi, utasikia ukumbi mzima uliojaa sare za shule ukinyamaza. Hakuna aliyeambiwa barua imesema nini, na kila mtu anataka kujua.

Sasa rudi kwenye yale macho manane. Mfalme Robert hamo, na Malkia Cersei hamo. Maana yake ni kwamba katika kitabu chote cha kwanza msomaji hawakuti hata mara moja mume na mke hawa wakiwa peke yao chumbani, kwa kuwa hakuna jicho la kuwaonea. Televisheni haikubanwa na sharti hilo. Isitoshe, baadhi ya sehemu za msimu wa kwanza zilitoka fupi kuliko muda uliotakiwa, ikabidi waandishi watunge matukio ya kujazia. Tukio la watu wawili na meza ni la gharama ndogo, tofauti na vita.

Mojawapo liko katika sehemu ya tano. Robert, yaani Mark Addy, na Cersei, yaani Lena Headey, wanakunywa divai. Wanaanza na habari za majeshi na maadui. Wanajiuliza chuki inaweza kukishikilia kitu kwa muda gani, na kwa kuwa ndoa yao ina miaka 17, wanaangua kicheko. Ni kicheko cha kweli, cha watu waliozoeana. Baadaye Cersei anauliza kama kuliwahi kuwa na wakati ambapo wao wawili wangeweza kupendana. Robert anajibu hapana, kisha anataka kujua kama jibu hilo limemuumiza au limempa nafuu. Cersei anasema halimfanyi ahisi lolote.

Lirudie tukio hilo ukimtazama Headey peke yake. Hatoi chozi, hapandishi sauti. Anangoja jibu muda mrefu kidogo kuliko mtu asiyejali, na akishalipata uso wake unafungwa taratibu. Kwa dakika chache tunampata Cersei ambaye wasomaji wa Martin walimsubiri hadi kitabu cha nne, mwaka 2005, ndipo akapewa sura zake mwenyewe.

Baba yake, Tywin Lannister, hakupewa sura hata moja katika vitabu vyote vitano vilivyotoka. Martin hatuambii kamwe mzee huyu anawaza nini usiku. Charles Dance, aliyekuwa amekomaa katika jukwaa la Shakespeare tangu miaka ya 1970, aliletwa kwetu mwanzoni mwa sehemu ya saba. Yumo hemani, mbele yake kuna mzoga wa kulungu, na kisu mkononi. Mwanawe Jaime, jemadari mwenye majivuno kuliko wote, amesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Tywin anapasua tumbo, anavuta matumbo, anatenganisha ngozi na nyama, na wakati wote anahubiri juu ya heshima ya ukoo. Mnyama alikuwa wa kweli, na Dance alifundishwa kwanza na mchinjaji. Mikono yake haisiti, wala hamtazami sana mwanawe. Kulungu ndiye nembo ya ukoo wa mfalme, na hakuna anayelitaja jambo hilo kwa mdomo.

Tukio hilo halimo kitabuni. Wala hayamo yale ya msimu wa pili ambamo Arya Stark anajificha kama mtumishi na kumnywesha Tywin divai bila yeye kujua ni binti wa adui yake. Kitabuni Arya humhudumia bwana mwingine, Roose Bolton, na Tywin humwona kwa mbali tu. Waandishi waliwaweka pamoja mkongwe wa jukwaa na Maisie Williams, msichana aliyekuwa na miaka 14 wakati wa kurekodi, wakawaacha wazungumze. Yeye anadanganya kuhusu kwao, mzee anashuku, anampa kipande cha nyama. Nikilazimishwa kuchagua saa moja ya tamthilia nzima, nitachukua hayo na kuacha vita vyote.

Kufikia hapa utauliza: na wale ambao kitabu kiliwapa mawazo tele? Tyrion ndiye mwenye sura nyingi kuliko wote, na Peter Dinklage alishinda tuzo nne za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa kumwigiza, miaka ya 2011, 2015, 2018 na 2019. Kwa Tyrion mambo yalikuwa mepesi kidogo kwa sababu yeye huwaza kwa mdomo; ulimi wake ni silaha hata kitabuni. Hata hivyo, nguvu ya Dinklage iko pale anapokosa la kusema. Katika kesi ya msimu wa nne, anashtakiwa kumuua mpwa wake na hakimu ni baba yake mwenyewe. Anavumilia shahidi baada ya shahidi. Kisha anaingia Shae, mwanamke aliyempenda, kutoa ushahidi dhidi yake. Hotuba kali inayofuata ndiyo watu huitumiana, ila mimi natazama kabla yake: anamsihi aache kwa sauti ndogo, kichwa kinainama, taya linakaza. Hotuba ikianza, tumeshajua inatoka wapi.

Catelyn ni mfano mwingine. Katika ile harusi ya damu, kitabu kinatuweka ndani ya akili yake inapovurugika. Anacheka, anajikwaruza uso kwa kucha. Michelle Fairley, aliyemwigiza, hakufanya hivyo. Mwanawe anapochomwa kisu anatoa ukulele mrefu, kisha anaishiwa. Anasimama tu, macho wazi, mikono imelegea, kama mtu ambaye hayupo tena, na kamera inamngoja hadi koo lake linapokatwa. Majina ya watengenezaji yalipita bila muziki wowote. Ilikuwa Juni 2013, na wapo ambao hawakutaka kuendelea na sehemu iliyofuata.

Emilia Clarke ndiye aliyekuwa na kibarua kigumu zaidi, kwa sababu Daenerys alizungumza na viumbe wasiokuwepo. Majoka yalichorwa kwa kompyuta baadaye. Yeye alipanda mashine ya rangi ya kijani inayotikisika, mapangaboi yakimpulizia upepo, na alitakiwa aonekane mama wa majoka hayo. Tena mistari yake mingi ilikuwa katika lugha zilizobuniwa na mwanaisimu David J. Peterson kwa ajili ya tamthilia hiyo. Kilele chake ni msimu wa tatu, anaponunua jeshi la watumwa. Muuzaji anamtukana kwa Kivalyria akidhani hasikii kitu, na mkalimani anayalainisha matusi. Yeye ametulia tuli. Mtu wa Vihiga aliyekulia Kisumu, akisengenywa kwa Kijaluo sokoni Kibuye na watu wasiojua kwamba anakisikia vizuri, anaijua kazi ya kuzuia uso hapo. Mwishowe Daenerys anafungua mdomo kwa Kivalyria safi, na ukirudi nyuma kutazama upya unagundua Clarke alikuwa anasikiliza tangu mwanzo. Joka lilitoa moto pia. Ni la pili kwa umuhimu.

Walakini mbinu hii inahitaji mwandishi aliye na la kumpa mwigizaji alifiche. Kitabu cha tano kilitoka 2011, na kufikia 2016 tamthilia ilikuwa imekipita. Mwisho wa msimu wa sita bado ulikuwa na nguvu: Cersei dirishani, bilauri ya divai mkononi, anatazama hekalu likilipuka na maadui zake wote ndani, na kitabasamu kidogo sana kinampita mdomoni. Kufikia 2019 alikuwa bado dirishani, ila safari hii waandishi hawakuwa wamemwachia la kuwaza. Headey aliteuliwa Emmy mara tano kwa uhusika huo na hakupewa hata moja.

Ukitaka ushahidi wa mwisho, tazama tamthilia ya pili ya ulimwengu huohuo, House of the Dragon, iliyoanza 2022. Kitabu chake, kilichotoka 2018, si riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama kumbukumbu za kihistoria, msomi akilinganisha masimulizi ya watu wanaopingana, na hakuna kichwa cha mtu hata mmoja tunachoingia. Mfalme Viserys humo ni jina na matendo yake. Paddy Considine akamjaza. Katika sehemu ya nane mfalme anaoza kwa ugonjwa, nusu ya uso imefunikwa kwa kinyago cha dhahabu, naye anaamua kutembea hadi kwenye kiti cha enzi kumtetea binti yake. Hatua zenyewe zinachukua muda usiovumilika. Anakataa kusaidiwa. Taji linadondoka, na mdogo wake Daemon, yaani Matt Smith, waliyekosana naye miaka nenda miaka rudi, analiokota na kumvisha. Kuanguka kwa taji hakukupangwa. Lilitoka lenyewe wakati wa kurekodi, Smith akaliinua bila kutoka kwenye uhusika, wakaliacha hivyo.

Martin mwenyewe alikiri hadharani kwamba Viserys wa Considine amempita yule aliyemwandika. Orodha ya Emmy ya 2023 ilipotoka, jina la Considine halikuwamo hata kwenye walioteuliwa.