Je, aliyeandika "Sinuhe Mmisri" aliwahi kufika Misri?

Alipoiandika, hapana. Na kwa miaka mingi ningekubishia hadi pakuche. Nilipoisoma riwaya hii ya Mika Waltari, Mfini aliyezaliwa Helsinki mwaka 1908, niliapa kwamba mtu huyu alichimbua makaburi ya Thebes kwa mikono yake. Vipi Mfini wa barafuni ajue hata kwamba waosha maiti walikimbiwa mitaani kwa ajili ya harufu yao?

Kosa langu la pili linatia aibu zaidi. Nilidhani Sinuhe, msimulizi wa riwaya, alikuwa tabibu wa kweli wa Firauni Akhenaten, na Waltari kanakili tu kumbukumbu zake. Sinuhe yupo, ila si huyo. Ni mhusika wa hadithi ya kale ya Kimisri: mtu wa ikulu anayetoroka baada ya kusikia kifo cha Firauni Amenemhat wa Kwanza, akaishi ugenini hadi uzeeni. Hadithi hiyo imemtangulia Akhenaten kwa karne tano na ushei. Wala Waltari hakuficha. Mwanzoni kabisa mwa riwaya, Kipa, mama mlezi, anampa mtoto jina hilo kwa kuwa anaipenda hadithi yenyewe. Mimi nilipapita mbio.

Basi aliwezaje? Kitabu chenye kurasa zaidi ya 700 alikiandika mwaka 1945, kwa miezi mitatu na nusu hivi, katika chumba cha darini nyumbani kwa mama mkwe wake huko Hartola, Ufini. Ukisikia hivyo utasema ni muujiza. Lakini fikiria kisima ambacho maji yake huchuruzika polepole usiku kucha. Anayewahi alfajiri hujaza ndoo kumi bila kupumzika. Anayekuja jioni hukwangua tope. Waltari aliwahi. Alikuwa na miaka 14 kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, na mwaka 1937 akaandika tamthilia kuhusu Akhenaten. Vita vilipokuja, akawekwa kwenye idara ya habari ya serikali kuandika propaganda, na kisima kikafunikwa. Chini ya mfuniko maji hayakukoma, ila ladha ilibadilika: aliona taarifa zinavyopikwa, kisha nchi yake ikashindwa. Mfuniko ulipoondolewa, Akhenaten, firauni mpenda amani anayeangushwa na dunia isiyomtaka hakuwa tena mtu wa vitabuni tu.

Hapa nijizuie kidogo. Hayo ya vita ni usomaji, si ungamo: riwaya haizungumzii Ufini popote, ingawa ni vigumu kutoiona.

Usiichukue kama kitabu cha historia pia. Sinuhe ni mpasua mafuvu, lakini mafunjo ya Edwin Smith, maandishi mashuhuri ya Kimisri kuhusu majeraha, yanaeleza majeraha ya kichwa moja baada ya jingine bila kumfundisha tabibu kutoboa fuvu. Mafuvu yaliyotobolewa yamepatikana Misri, ila ni machache. Huenda wapo waliothubutu. Katika riwaya, mzee Ptahor, mpasua mafuvu wa ikulu, anampasua firauni aliye mahututi akijua fika kwamba hatapona, kwa sababu eti desturi ndivyo inavyotaka. Kwa ushahidi uliopo, desturi hiyo ilizaliwa darini, Hartola.